Toza Kodi Ramani, Usitoze Jasho

Jumapili usiku, kabla ya kuichezesha wiki nyingine ya mechi, kamishna wa ligi ya besiboli ya kwenye kompyuta huwa na kazi moja ndogo inayochosha. Anahesabu nani ameleta faili lake na nani hajaleta. Kila meneja anatakiwa apange kikosi, aandike ofa zake za usajili, kisha apandishe faili kabla ya saa iliyokubaliwa. Tuseme ligi ina timu 24. Aprili wanaleta wote. Ifikapo Juni wanaleta 19. Kamishna akiyasoma majina ya timu tano zilizokosekana, mara nyingi hakuti timu ya New York wala ya Los Angeles. Anakuta miji midogo.

Ligi ya namna hii haijui umaskini mwingine ulio mbaya kuliko huo wa kukosa mameneja. Katika besiboli halisi ya Marekani, mmiliki wa Pittsburgh Pirates hawezi kuamka Juni akaitelekeza timu yake njiani; ni mali ya zaidi ya dola bilioni moja, na hata ikishika mkia itapata mnunuzi. Meneja wa kwenye kompyuta hana cha kupoteza isipokuwa jioni zake. Akiona hana tumaini huondoka kimyakimya, na kamishna hubaki na timu yatima, ratiba yenye mapengo, na wapinzani wanaolalamika kwamba ushindi wa bure umewaharibia msimamo. Kwa hiyo tunapojadili namna ya kusawazisha fedha za matajiri na maskini, tunajadili namna ya kuwafanya watu 24 wabaki mezani.

Makamishna wengi wanalijua hilo, na wengi hukimbilia dawa ya kwanza iliyo karibu: kukusanya mapato na kuyagawa sawa. Hoja yangu katika safu hii ni kwamba dawa hiyo inaponya nusu ya ugonjwa na kuulea ule uliobaki. Mapato ya timu yana mizizi miwili, mmoja ni mji uliopangiwa na mwingine ni kazi unayoifanya. Anayeitoza mizizi yote miwili kwa kiwango kimoja anamwadhibu maskini aliyejitahidi pamoja na tajiri aliyebahatika.

Kadi, mnada, uchumi

Michezo ya zamani haikuwa na shida hii. APBA ilipotoka mwaka 1951, na Strat-O-Matic ya Hal Richman ikaja mwaka 1961, ulihitaji kadi na dadu tu. Kadi ya Mickey Mantle haikudai mshahara. Mwaka 1980 Daniel Okrent na wenzake walipoanzisha ligi yao ya Rotisserie jijini New York waliziingiza fedha mezani, lakini kwa usawa wa posho ya jeshini: kila mmoja alikuwa na idadi sawa ya dola za kununulia kikosi mnadani, na aliyezimaliza mapema alijilaumu mwenyewe.

Tajiri na maskini waliingia pale kompyuta ilipoweza kubeba uchumi mzima. Out of the Park Baseball, mchezo uliobuniwa na Mjerumani Markus Heinsohn na kutoka kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ndio unaoendesha ligi nyingi za aina hii leo. Ndani yake kila timu ina ukubwa wa soko lake, hamu ya mashabiki wake, na uaminifu wao wakati wa shida. Ina viingilio, tiketi za msimu, mkataba wa matangazo na mauzo ya jezi. Juu ya yote yupo mmiliki wa kompyuta anayemwambia meneja kila mwaka: bajeti yako ni hii, usiivuke.

Mzunguko wake ni rahisi kuufuata. Ukishinda, hamu ya mashabiki hupanda. Hamu hujaza viti, viti hujaza kasha, mmiliki hulegeza mkono, unamsajili mrushaji bora aliye huru, unashinda tena. Ukipoteza, gurudumu lile lile huzunguka kinyume. Mpaka hapo hakuna dhuluma. Anayepanda ndiye anayevuna. Dhuluma inaanzia kwenye ramani. Kushinda mechi moja New York na kushinda mechi moja Kansas City huchukua jasho lile lile, ila malipo yake si yale yale. Mji wenye watu wengi huuza viti vingi zaidi kwa kila ushindi, na kituo cha televisheni hulipia macho mengi zaidi. Baada ya misimu kumi tofauti hiyo ndogo ya kila mechi huwa ukuta.

Hesabu ya mfuko wa pamoja

Ligi kuu ya Marekani, MLB, ilipofika mwaka 2017 ilikuwa na kanuni inayoeleweka hata na mtoto: kila timu inatoa asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani, yote yanaingia mfuko mmoja, na mfuko unagawanywa sawa kwa timu 30. Makamishna wa ligi za kompyuta wameipenda kwa sababu haina maneno mengi. Tuiweke kwenye ligi yetu ya timu 24 tuone inavyofanya kazi.

Tuseme wastani wa mapato ya nyumbani ni dola milioni 120 kwa timu. Timu ya mji mkubwa inaingiza milioni 180, ya mji mdogo milioni 80. Kila timu itapokea kutoka mfukoni milioni 57.6, yaani asilimia 48 ya wastani. Tajiri anatoa milioni 86.4, anarudishiwa 57.6, anabaki na 151.2. Maskini anatoa 38.4, anapokea 57.6, anabaki na 99.2. Mwanzoni tajiri alikuwa na dola 2.25 kwa kila dola moja ya maskini. Sasa ana 1.52 tu. Kamishna anafurahi, na ana haki ya kufurahi.

Sasa msogelee meneja wa ule mji mdogo. Amemwona mpigaji huru ambaye anajua atajaza uwanja. Mshahara ni milioni 6, na kwa hesabu yake, viingilio na jezi vitaongeza milioni 8. Bila mfuko wa pamoja angebaki na faida ya milioni 2, ambayo mwakani ingemnunulia mrushaji wa akiba. Ndani ya mfuko, katika kila dola mpya anayoiingiza, senti 48 zinachukuliwa. Katika hizo anarudishiwa sehemu yake ya 1 kwa 24, yaani senti 2. Anabaki na senti 54. Milioni 8 zake zimekuwa milioni 4.32, mshahara ni 6, naye amepata hasara ya milioni 1.68 kwa kosa la kufanya uamuzi sahihi.

Tazama kilichotokea. Mpango uliotungwa kwa ajili yake umeivunja ngazi aliyotaka kupandia. Mfuko unampa milioni 19.2 za juu bila kumuuliza chochote, halafu unamtoza karibu nusu ya kila atakachochuma kwa akili yake. Wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa hesabu inaeleza sababu: cha ndugu kinakuja hata ukilala, cha kwako kinakatwa ukiamka.

Ambacho ligi halisi haina

Mtu anayeifuatilia MLB atasema balaa la mgawanyo wa mapato ni jingine kabisa: wamiliki wanaula. Ana ushahidi. Mwaka 2010 nyaraka za fedha za timu kadhaa zilivuja, zikaonyesha kwamba Pirates walipata faida ya karibu dola milioni 29 kwa misimu ya 2007 na 2008, huku wakipokea fedha za mgawanyo, na wakiwa katikati ya mfululizo wa misimu 20 ya kupoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda, kuanzia 1993 hadi 2012. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kilizilalamikia rasmi timu nne, Pirates wakiwemo, kwa madai kwamba hazitumii fedha hizo kujenga vikosi.

Wanauchumi waliliona hili mapema. Simon Rottenberg aliandika mwaka 1956 kwamba mchezaji ataishia pale anapozalisha fedha nyingi zaidi, hata ukibadilisha sheria ya nani anammiliki. Waliomfuata wakaongeza kwamba kugawana mapato baina ya wamiliki wanaotafuta faida kunashusha mishahara kuliko kunavyosawazisha msimamo. Sababu ni ile ile ya senti 54: mchezaji akizalisha kidogo kwa kila timu, kila timu itamtolea dau dogo, naye ataenda kule kule alikokuwa akienda.

Lakini meneja wa ligi ya kompyuta hana mfuko wa suruali. Hawezi kuchota milioni tano akajengea nyumba ufukweni. Dola isiyotumika kwake ni dola mfu, na katika ligi nyingi kamishna ameweka kikomo cha akiba, kwa hiyo kinachozidi hufutwa msimu unapokwisha. Anachokitaka ni kikombe. Peter Sloane alieleza mwaka 1971 kwamba klabu za soka zinaweza kueleweka hivyo, kama taasisi zinazotafuta mafanikio uwanjani kuliko faida, na Mbelgiji Stefan Késenne akaonyesha kwamba pale ambapo kila timu inasaka ushindi, mgawanyo wa mapato husawazisha kweli. Fedha ikimfikia maskini, anaitumia yote.

Hii ni habari njema kwa kamishna. Dawa iliyochacha huko MLB ina nguvu zaidi mikononi mwake, kwa kuwa mgonjwa wake anaimeza badala ya kuiuza. Kinachobaki ni kuirekebisha ili isivunje ngazi.

Kutoza ramani

Marekebisho yenyewe ni mepesi. Usikate mapato halisi ya timu. Kata kiasi kinachotokana na ukubwa wa soko peke yake, na ukipange mapema kwa misimu kadhaa. Rudi kwenye mfano wetu. Timu ya mji mkubwa ilikuwa inatoa milioni 28.8 ukishaondoa inachorudishiwa, na ya mji mdogo ilikuwa inapata 19.2. Andika hivyo hivyo kwenye kanuni: New York italipa milioni 28.8 kila msimu kwa misimu mitano, na mji mdogo utapokea 19.2 kwa muda huo huo, washinde wasishinde. Msimu wa kwanza matokeo hayabadiliki hata kidogo. Mmoja ana 151.2 na mwingine 99.2. Kilichobadilika ni dola inayofuata. Yule mpigaji wa milioni 6 sasa analeta milioni 8 nzima, na meneja wa mji mdogo anabaki na milioni 2 zake. Mgaagaa na upwa anakula wali wenye mchuzi.

MLB wenyewe wamewahi kuigusa njia hii, wakaona ugumu wake. Katika makubaliano ya mwaka 2016, Oakland Athletics walianza kupunguziwa mgao hatua kwa hatua kwa hoja kwamba eneo la San Francisco Bay ni soko kubwa. Athletics walikuwa na uwanja uliochakaa na jirani mwenye nguvu, San Francisco Giants, aliyekula sahani moja nao. Mwaka 2022 wakarudishiwa mgao wao. Swali la kama Oakland ni tajiri au maskini halikuwa na jibu moja, kwa sababu katika maisha halisi soko halijaandikwa popote.

Kwenye kompyuta limeandikwa. Ukubwa wa soko ni namba kwenye jedwali, kila meneja anaiona, na kamishna ndiye aliyeiweka. Ligi ya mwigo ina anasa ambayo MLB haitaipata kamwe: inaweza kutenganisha bahati na juhudi kwa kusoma safu moja ya jedwali. Kuiacha anasa hiyo na kunakili asilimia 48 ya watu wasiokuwa nayo ni kama kuwa na mizani dukani ukaendelea kupima unga kwa kukisia.

Pingamizi moja lina uzito. Timu ya mji mkubwa ikiboronga, mapato yake yakaanguka hadi milioni 110, bado itadaiwa 28.8 na kubaki na 81.2, chini ya maskini. Wapo watakaosema huo ni uonevu. Naona ni shinikizo la haki, maana aliyepewa New York akaiangusha hadi hapo hana wa kumlaumu. Hata hivyo meneja mpya aliyeirithi timu hiyo kwa mtangulizi mvivu hastahili kuzikwa nayo. Kwa hiyo robo ya mchango inaweza kufuata mapato halisi ya wastani wa misimu mitatu, na robo tatu zilizobaki zifuate soko. Makali ya kanuni yanabaki, na aliyeanguka anapata pa kushika.

Kodi ya anasa na ukomo wa mishahara

Dawa nyingine mbili hutajwa kila ligi inapokutana. Ya kwanza ni kodi ya anasa. MLB kwa mwaka 2025 iliweka mstari kwenye dola milioni 241 za mishahara, na anayeuvuka mara kwa mara na kwa mbali hutozwa mpaka asilimia 110 ya kilichozidi mstari wa juu kabisa. Los Angeles Dodgers walitozwa kodi ya karibu dola milioni 169 mwaka huo. Walilipa, na wakatwaa ubingwa wa World Series mwaka 2024 na tena 2025. Kodi hiyo humzuia tajiri wa kati. Tajiri mkubwa huihesabu kama nauli.

Na pale mstari unapouma, watu hutafuta pa kupenyea. Shohei Ohtani alisaini na Dodgers Desemba 2023 mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10, na milioni 680 kati ya hizo zikaahirishwa zilipwe baada ya miaka hiyo kwisha. Kwa hesabu ya kodi, mwaka wake ukawa na uzito wa dola milioni 46 hivi badala ya 70. Kila ligi ya kompyuta ina Dodgers wake wadogo. Kuna anayeambatanisha fedha taslimu kwenye kubadilishana wachezaji wiki moja kabla akiba yake haijafutwa. Kuna anayemsukumia maskini mkongwe mwenye mkataba mzito pamoja na chipukizi mmoja wa kulainishia. Kamishna anayeweka kodi ya anasa bila kikomo cha fedha taslimu katika mabadilishano amefunga mlango akaliacha dirisha.

Ya pili ni ukomo wa mishahara, kama wa ligi ya futiboli ya Marekani, NFL, tangu 1994 na wa ligi ya hoki ya NHL tangu 2005. Ni rahisi kuusimamia na unazuia pengo mara moja. Shida yake ni kwamba haujui kutofautisha. Timu iliyolea chipukizi watano kwa uvumilivu, wakakomaa msimu mmoja na kudai mishahara yao, inalazimika kuwauza sawasawa na ile iliyowanunua watano sokoni. Huko tena ni kutoza jasho. Anayeutaka, auweke juu sana, uwe paa la kuzuia wendawazimu tu, na chini yake aweke sakafu ya mishahara ili timu isijifiche kwenye umaskini.

Kujifanya mnyonge

Kuna msaada mmoja kwa maskini ambao hautumii fedha hata senti: uteuzi wa chipukizi, ambao MLB waliuanza mwaka 1965, wa mwisho akichagua kwanza. Ni mzuri, na una sumu yake. Houston Astros walipoteza mechi 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013, wakakusanya chipukizi, wakawa mabingwa mwaka 2017. Makubaliano ya mwaka 2022 yakaleta bahati nasibu kwa nafasi za kwanza ili kupunguza hamu ya kushika mkia.

Kwenye kompyuta hamu hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna shabiki wa kumzomea meneja akitoka dukani. Anaweza kujiangusha misimu mitatu mfululizo akiwa ameketi kwa raha nyumbani kwake. Ukimpa mgao mnono wa fedha pamoja na nafasi ya kwanza ya uteuzi, umemlipa mara mbili kwa kupoteza. Sharti liwe dogo na kavu: timu iliyo chini ya idadi fulani ya ushindi kwa misimu miwili mfululizo, na mishahara yake haijafika sakafu, inapoteza mgao wa msimu unaofuata. Ikifika sakafu na bado inapoteza, hiyo ni bahati mbaya tu, iachwe.

Kupima kabla ya kutibu

Kabla ya kugusa lolote, kamishna apime, kwa kuwa si kila pengo ni la fedha. Ligi ya mechi 162 ambamo kila mechi ingeamuliwa kwa kurusha sarafu bado isingetoa timu zote zenye ushindi 81. Mtawanyiko wa kawaida ungekuwa ushindi 6.4 juu au chini ya hapo, na timu nyingi zingeangukia kati ya ushindi 68 na 94. Kwa hiyo anayelia kwamba kuna timu yenye ushindi 92 na nyingine yenye 70 huenda analilia sarafu. Mtawanyiko ukifika mara mbili ya ule wa sarafu, karibu ushindi 13, hapo kuna jambo.

Jambo gani? Chukua misimu mitano. Panga timu kwa ukubwa wa soko, kisha zipange kwa jumla ya ushindi. Orodha mbili zikifanana, ramani ndiyo inayocheza mpira, na mchango wa soko uongezwe. Zisipofanana, wakati timu zile zile zinatawala, basi anayetawala ni meneja mwenye akili, na hakuna kodi inayomtibu mtu asiyejua kuchagua mrushaji. Kumnyang'anya yule hodari ili kumfariji asiyejituma ndiyo njia ya haraka ya kuwapoteza wote wawili.

Wala usilenge usawa kamili. Kuiendesha timu ya jiji kubwa, ambako mmiliki anadai kombe kila mwaka, na kuiendesha ya mji mdogo, ambako msimu mmoja wa mchujo hukumbukwa muongo mzima, ni raha mbili tofauti, na wapo watu wanaoipenda ya pili kuliko ya kwanza. Wanachohitaji ni kujua kwamba wakijipanga vizuri, watakachokichuma kitabaki kwao kwa muda wa kutosha kukifurahia.

Ndiyo maana kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakina fomula. Jumapili moja ya Juni, saa chache kabla ya wiki kuchezeshwa, fungua orodha ya mafaili yaliyopandishwa. Nenda moja kwa moja kwenye timu tano za masoko madogo kabisa. Kama faili la yule aliye nafasi ya mwisho limefika, na ndani yake kuna ofa ya milioni 6 kwa mpigaji anayeamini atamjazia uwanja, fedha za ligi yako zimekaa sawa.